Ukuta wa Fundi Mjane

"Usimpelekee nguo yule fundi, shoga," muuza mkaa alinong'ona, ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. "Ukuta wake umejaa nyota na maduara. Anaroga yule. Hata shemeji yake alikuja kuchukua cherehani ya marehemu mumewe, akachungulia ndani, akarudi kinyumenyume."

Mama kijana alipokea mkaa wake, akamweka mtoto sawa mgongoni. Lakini blauzi yake ya kunyonyeshea ilikuwa imefumuka, na mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine. Akaenda.

Ukuta kweli ulikuwa umechorwa, kwa chaki ya kukatia nguo. Akataka kugeuka arudi. Kisha akaona alama ya kujumlisha.

"Duara na pembetatu, jumla yake kumi na mbili," mjane alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Duara limeizidi pembetatu kwa mbili. Kila kimoja ni ngapi?"

Mama kijana aliishia darasa la saba. Alijaribu sita kwa sita. Zikawa sawa, haikufaa.

"Niitoe kwanza hiyo mbili iliyozidi," akasema polepole. "Inabaki kumi, nagawa sawasawa. Pembetatu tano. Duara ni tano na ile mbili yake, saba."

"Hukubahatisha." Mjane alitabasamu. "Mume wangu ndiye aliyekuwa ananitungia haya nikishona. Sasa najitungia mwenyewe, na kujitungia fumbo ni kama kujitekenya."

Wakafumbua la nyota, wakabishana, wakacheka mpaka mtoto akaamka.

"Mama, mbona huwaambii watu?" mama kijana alimuuliza mjane. "Wateja wamekukimbia kwa hesabu za darasani. Nikitoka hapa naanza na yule muuza mkaa."

Cherehani ikasimama.

"Shemeji alibeba kitanda, akabeba kabati, akabeba hata pazia. Alipouona ukuta, cherehani hii akaiacha. Wakijua ni hesabu, kesho yuko mlangoni na mkokoteni."

"Lakini utakula nini?"

"Wako wachache wa mtaa wa nyuma. Wananiogopa, ila suruali ikichanika woga unaisha."

Hakucheka aliposema hivyo. Alikata uzi kwa meno, akaikunja blauzi, akamkabidhi.

"Mwanangu, pale uani majirani wanakusubiri wakuone. Usitoke na uso huo wa furaha. Mfunike mtoto, utoke mbio. Na usirudi tena."