Kiraka cha Jumamosi

Jina la Soli hakupewa na wazazi wake. Alilipata ndani ya jumba la sinema, saa kumi na moja za jioni, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, wengi wao wakifuta machozi kwa vitambaa.

Filamu ilikuwa ya askari aliyetoroka vitani na kutembea siku arobaini, juu ya mawe na miba, ili amwone mama yake. Alipofika alianguka kifudifudi kizingitini, na picha ikamwonyesha kutokea miguuni, nyayo zikiwa zimewageukia watazamaji. Jumba zima lilikuwa kimya kwa majonzi. Hapo ndipo fundi viatu mmoja wa safu ya tatu aliposimama, akanyoosha kidole kuelekea kwenye pazia, na kusema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Siku arobaini, na kibandiko cha nambari bado kimeganda kwenye soli."

Kilikuwepo kweli. Cheupe, cha mviringo, nambari arobaini na tatu. Mtu mmoja alicheka, kisha safu, kisha jumba zima, na mama wa askari alipotoka mlangoni kumlilia mwanawe, watu walikuwa wakishika mbavu. Wasimamizi walimtoa fundi yule nje, naye hakupinga. Alitoka kifua mbele kama aliyeshinda kesi. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulimwita Soli, na kuanzia siku hiyo hakutazama tena uso wa mwigizaji yeyote kabla ya kumtazama miguuni.

Jumba lile baadaye lilifungwa likageuzwa ghala la saruji. Wapenzi wa filamu wakatawanyika, isipokuwa wanne, Soli akiwa mmoja wao, waliohamia chumba cha nyuma cha karakana ya Soli, ambako kulikuwa na benchi moja, viti viwili visivyolingana na runinga aliyoileta fundi redio. Pamoja na fundi redio alikuwepo muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista, na mzee mmoja aliyekuwa karani wa posta kwa miaka thelathini, ambaye hata sasa alikuwa Karani tu. Walikutana kila Jumapili saa tisa alasiri. Utaratibu wao haukubadilika: kila mmoja alieleza filamu aliyoitazama wiki ile, akianza na kasoro, kisha akitaja uzuri wake ikiwa muda utaruhusu. Kwa miaka sita muda haukuwahi kuruhusu.

Sista angesimulia habari za daktari aliyesikiliza moyo wa mgonjwa ilhali vile vipira vya masikioni vimemning'inia shingoni, na kwamba mgonjwa alipona, jambo ambalo lilimuudhi zaidi. Karani angelalamika juu ya wapenzi walioagana kwa barua yenye stempu isiyogongwa muhuri. Barua ya namna hiyo, alisema, isingetoka hata nje ya kaunta, seuze kuvunja moyo wa mtu. Fundi redio hakuwa na huruma na mabomu. Katika maisha yake hakuwahi kuona bomu la filamu ambalo, kwa jinsi lilivyofungwa nyaya, lingeweza kuwasha hata taa ya kusomea. Soli alisubiri wote wamalize, kisha akazungumza juu ya viatu, na kwa kawaida hakikubaki kitu.

Walijiona kuwa watu wagumu kudanganywa, na walikuwa hivyo kweli. Kwamba huenda hawakuwahi kutazama filamu hata moja, halikuwa wazo lililowahi kuingia chumbani mle.

Soli alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekua akichezea vipande vya ngozi chini ya meza ya kazi. Akiwa na umri wa miaka tisa alijua kupaka uzi nta. Alipofika kumi na minne alishika msharasi na kutoboa ngozi bila kujichoma. Soli alihesabu kwamba karakana imepata mrithi. Kisha binti akaenda zake na kujiunga na watu wanaotengeneza filamu, kazi yake ikiwa kuwatafutia waigizaji nguo na viatu. Watu walipouliza habari zake, baba alijibu kwamba yupo, anawavalisha waongo.

Filamu yake ya kwanza Soli aliitazama dakika ishirini, akampigia simu kumwambia kwamba bibi harusi wake amevaa viatu vya watu wawili tofauti. Ya pili alimwambia kwamba viatu vile hata bata wangevikataa. Binti alishukuru mara zote mbili kwa adabu, na baada ya hapo simu zake zikaanza kupungua: kutoka kila juma hadi kila mwezi, kutoka mwezi hadi sikukuu. Mama yake alikuwa ameshafariki. Simu ilipokaa kimya, nyumba nayo ilikaa kimya, na Soli, ambaye hakuwa mtu wa kukiri upweke, alijikuta akiichaji simu isiyopigwa.

Kisha Alhamisi moja ikalia. Binti alisema kwamba anakuja Jumapili na filamu ya tatu, ambayo bado haijakamilika kwa kuwa kuna sehemu moja ya kurudia. "Ninakuomba uitazame mpaka mwisho, Baba," alisema. "Ukiidharau na hii, sitakuletea nyingine. Na sitakasirika. Nitaacha tu kuuliza."

Ni lile neno la kutokasirika lililomkosesha usingizi. Siku mbili zilizofuata alikula kiapo, tena na tena, kwamba hata wakimvisha mfalme ndala atafumba mdomo.

Jumapili binti aliwasili mapema, akiwa na mfuko mkubwa begani. Alimwamkia kila mmoja kwa zamu, akamsaidia fundi redio kuunganisha runinga, kisha akaketi nyuma ya wote, juu ya gunia la soli chakavu alilolikalia tangu utotoni.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kukifuata. Mzee mmoja, ambaye maisha yake yote alikuwa na shughuli mahali pengine, anarudi kwenye nyumba ya watoto wake uzeeni, nao wanakawia kumfungulia. Anavua viatu, anaviweka kizingitini, anangoja.

Watatu wale hawakungoja. Kabla mzee hajafika mlangoni, fundi redio alikwisha kutangaza kwamba redio ya sebuleni inasema ilhali waya wake umelala sakafuni. Sista alisema kikohozi cha yule mzee kinatoka kooni tu, na kwamba mapafu yake ni mazima kuliko ya wote waliomo chumbani. Karani, kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi, aliuliza ni nani siku hizi anayepokea barua iliyofungwa kwa gundi ya maji. Kila baada ya maneno machache, watatu wale waligeuza shingo kumtazama Soli, maana hukumu iliyosubiriwa ilikuwa yake.

Soli alijikaza. Aliyatazama mapaa, milango, mawingu. Aliyatazama hata macho ya mwigizaji, jambo lililomtia haya kidogo, kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani. Lakini picha ikashuka taratibu hadi kizingitini, ikatua juu ya viatu viwili vya ngozi ya kahawia, ikasogea karibu na kile cha kushoto mpaka kikajaza runinga yote. Na ubavuni mwa kiatu kile kulikuwa na kiraka.

"Simamisha," alisema Soli.

Alikuwa amekwisha kusimama. Akaikaribia runinga, akatoa kalamu sikioni, akaanza kufundisha. Aliwaonyesha kwamba mishono imeachana kama meno ya mzee. Kwamba uzi ni mweusi juu ya ngozi ya kahawia. Kwamba ukingo wa kiraka haukupunguzwa, kwa hiyo ungemchubua mvaaji ndani ya siku moja. Hakuna fundi wa kweli, alisema, anayeshona hivi. Hiki ni kiraka cha mchezo, kimebandikwa ili watu wa mjini waone umaskini. Kadiri alivyosema ndivyo alivyopata raha, na raha ile ilimsahaulisha Alhamisi, simu na kiapo. "Aliyeshona hivi," alihitimisha, "ama hana macho, ama hana haya."

Fundi redio alipiga paja. Karani aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo Soli alipogeuka akamwona binti yake, akakumbuka.

Binti hakuwa amekunja uso. Aliinama, akafungua mfuko, akatoa kiatu cha kushoto, kile kile, akampa baba yake kwa mikono miwili. "Nilivichukua hapa," alisema. "Kwenye sanduku la viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Tazama chini ya ulimi."

Hakuwa na haja ya kutazama. Kila jozi iliyopita mikononi mwake aliiandika chini ya ulimi, kwa wino, nambari na siku. Hata hivyo alitazama. Mwandiko ulikuwa wake, ile saba yenye mkia mrefu isiyofanana na saba ya mtu mwingine yeyote, na kando yake pameandikwa Jumamosi.

Jumamosi. Zamani za jumba la sinema, siku hiyo onyesho lilianza saa kumi, na Soli alifunga karakana saa tisa na nusu kasoro dakika chache, iwe kazi imekwisha au haikwisha. Kilichokuwa mezani saa tisa kilishonwa kwa uzi wowote uliokuwa ndani ya sindano. Alikuwa amekwenda kukagua soli za watu wengine.

"Nilizunguka masoko miezi miwili," binti aliendelea, kwa sauti ileile. "Nilitaka kiatu kilichoshonwa na mtu ambaye roho yake iko kwingine. Vyote nilivyopata vilishonwa na watu waliokuwepo. Nikakumbuka Jumamosi zako."

Sista, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewapa watu habari mbaya na hakuona sababu ya kuzipaka sukari, ndiye aliyesema: "Umetupa mawili, Soli. Hana macho, au hana haya. Tukuandikie lipi?"

Karani alicheka mpaka miwani ikamtoka. Fundi redio alijaribu kujizuia, hakufua dafu. Soli alisimama katikati yao na kiatu mkononi, na kwa mara ya kwanza akajua ilivyokuwa kwa yule mama wa askari, kutoka mlangoni na kukuta jumba zima linacheka. Angeweza kuwafukuza, chumba kilikuwa chake. Angeweza kusema kwamba nambari imeghushiwa, na maneno hayo yalimfika hadi kwenye ulimi. Alimtazama binti yake. Tayari alikuwa anakunja waya, bila hasira, kama alivyoahidi.

"Usiizime," Soli alisema. "Irudishe nyuma, mpaka mwanzo. Sikuiona."

Binti alisita, kisha akairudisha. Soli aliketi, akakiweka kiatu mapajani, na safari hii, kila fundi redio alipofungua mdomo kuhusu waya, alimwambia anyamaze. Mzee wa kwenye filamu alitembea, akakohoa, akaweka viatu vyake kizingitini, akangoja mlango. Ulipofunguliwa, ulifunguliwa kidogo tu, na filamu ikakatika hapo, kwenye sehemu iliyobaki kurudiwa.

Kwa desturi, kasoro zilianza upya. Zilipomalizika, wote walimgeukia Soli.

"Leo muda unaruhusu," alisema, akiitazama sakafu. "Yule mzee nimemsadiki. Anangoja kama mtu anayejua kwa nini hafunguliwi."

Sista aliondoka wa kwanza, akisema kwamba bado kikohozi ni cha uongo. Fundi redio na Karani walifuata, na hadi pembe ya mtaa walisikika wakirudia lile la macho na haya, kila mmoja akilinogesha.

Binti alibaki. Alitoa mfukoni kiatu cha kulia, kilichopasuka ubavuni wakati wa kupiga picha. Jumanne wanairudia sehemu ya mwisho, alieleza, na mzee wa kwenye kisa alivishona vyote viwili mwenyewe, kwa hiyo mishono lazima iwe ya mkono uleule. Binti amekwisha kuwapelekea mafundi wawili. Wote wameshona vizuri mno, ikabidi afumue.

"Unataka nishone ovyo."

"Nataka ushone kama ulivyoshona."

Soli aliketi mezani, akakata kiraka, akachukua uzi mweusi. Mishono saba ya kwanza ilijipanga yenyewe kama askari wa gwaride. Binti aliitazama, akachukua wembe, akaifumua. Soli akajaribu tena, akijilazimisha kupotoka, na mishono ikatoka imepotoka kwa mpango, ikidanganya kuliko kibandiko chochote. Ile nayo ikafumuliwa. Miaka arobaini ya kazi, na hakuweza kuharibu kiatu alichoombwa akiharibu.

"Gari lako linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

Aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na moja na nusu, na stendi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye magoti mazima. Alitaka kumsindikiza. Hakumwambia. Alivuta kiatu, akatoboa kwa msharasi bila kupima, akapitisha sindano, akatoboa tena, jicho moja likiwa kwenye saa na jingine kwenye mfuko uliokuwa tayari mlangoni, na moyoni mwake tayari wako njiani, na kuna jambo anataka kumuuliza kuhusu mlango ule, iwapo Jumanne utafunguliwa wote.

Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. Binti alikichukua kiatu, akakiweka kando ya kile cha kushoto, akavitazama kwa muda. Hakuchukua wembe.

Soli alichomoa kalamu sikioni, akaufunua ulimi wa kiatu, akaandika nambari yenye saba ya mkia mrefu na kando yake Jumapili. Kisha akaupulizia wino ukauke.