Tonge la Kwanza la Mama Recho

Saa saba kasoro dakika tano mchana, mgahawa wa Mama Recho ulio nyuma ya stendi ya Kasulu umejaa hadi mlangoni. Waliopata viti wameketi wamebanana, waliokosa wamesimama na sahani mkononi, na macho yote yako juu ukutani, ilikofungwa runinga. Katikati ya ukumbi kuna meza ndogo yenye kitambaa cha bluu na kiti kimoja. Kiti hicho kiko wazi, na hata wanaokula wamesimama hawakigusi.

Ni Jumamosi, siku ya marudio ya "Jiko la Ghorofani", tamthilia ya wapishi wa hoteli kubwa jijini Dar es Salaam. Hapa Kasulu watu wanaifuata kama wanavyofuata mpira. Wana timu zao, wana wachezaji wanaowachukia, na kila mmoja ni kocha.

Nyuma ya ukuta wa matofali, mwanamke mfupi mwenye kanga kiunoni anasonga ugali wa muhogo kwa mikono miwili. Haoni runinga. Kati ya jiko lake na ukumbi kuna kidirisha kimoja tu, kinachotosha kupitisha sahani. Kwenye tamthilia, kitunguu kinatiwa kikaangoni. Mama huyu anaacha mwiko, anasikiliza.

"Mafuta hayajashika moto hayo!" anapaza sauti. "Sikilizeni, kitunguu kinachemka, hakikaangwi!"

Haipiti dakika, Shefu Sudi, mpishi mkuu wa kwenye tamthilia, anamfokea msaidizi wake kwa kosa hilohilo. Ukumbi unaangua kicheko.

"Huyu mama ni noma," anasema Brighton Sabuni, dereva wa bodaboda wa njia ya Heru Juu, huku akigonga meza. "Hajaona kitu, kasikia tu, na kamuwahi shefu mwenyewe. Wamchukue yeye huko Dar!"

Mwanamke huyo anaitwa Epifania Ntakije, ana miaka arobaini na sita, lakini ukimuulizia kwa jina hilo stendi nzima itakukodolea macho. Ulizia Mama Recho. Ameupikia mji huu kwa miaka kumi na miwili, sahani sabini kwa siku, samaki aina ya mgebuka, maharage na kisamvu kilichoungwa kwa mawese. Huamka saa kumi na moja alfajiri, na mpaka jua linapoelekea kuzama bado yuko kazini.

Runinga si yake. Ni ya Shamsi Hilali, mwenye nyumba na mwenye duka la vipuri vya baiskeli la mlango wa pili, ambaye aliifunga mwaka jana ili wateja wa mama wapate cha kutazama na yeye apate kisingizio cha kuacha duka. Tamthilia ilipoanza, Shamsi ndiye aliyekuwa akipiga kelele kidirishani: "Mama Recho, wamemwaga mchuzi mzima kisa chumvi imezidi! Ni sawa hiyo?"

"Amwage yeye ana shamba?" mama alijibu siku hiyo. "Aweke kiazi humo, chumvi itapungua."

Basi akawa hakimu. Watazamaji wakibishana, hukumu inatoka kidirishani. Je, mpishi anaweza kulia jikoni na chakula kisiharibike? Anaweza, mradi asilie juu ya sufuria. Je, ni kweli wapishi wanagombana hivyo? Kweli, lakini hawagombani wakati ugali uko motoni. Walimu, madereva, wauguzi, wachuuzi wa vitenge, wote walinyamaza kumsikiliza mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kuiona sura ya Shefu Sudi hata mara moja.

Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Mwezi wa tatu yakageuka.

Siku hiyo, kwenye tamthilia, Shefu Sudi alipika karamu ya harusi. Wageni walipokuwa wakijilamba vidole, yeye alijifungia stoo na kufungua chakula alicholetewa kutoka nyumbani. Mhudumu akamuuliza mbona hali anachopika. Shefu akacheka na kusema, "Mimi najua kilichomo."

Hapo Mwalimu Longinus Mrosso akatia neno. Mwalimu huyu alihamishiwa Kasulu kutoka Kilimanjaro miaka kumi na moja iliyopita, na tangu wiki ile ya kwanza amekula mchana wake hapa. Ni mtu wa utani, na siku hiyo ulimi wake haukuwa na mfupa.

"Na Mama Recho wetu je?" alisema. "Miaka kumi na moja nakula hapa. Nani amewahi kumwona akitia tonge mdomoni?"

Watu walicheka. Halafu wakaanza kukumbuka, na hakuna aliyekumbuka.

Jikoni, Mama Recho alisikia kila neno, kama anavyosikia kitunguu kwenye mafuta baridi. Hakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kidirisha kile kukosa hukumu, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa jibu.

"Nilikuwa na la kusema," anaeleza sasa, akifuta mikono kwa kanga. "Lakini ningesema nini? Kwamba nakula? Wangesema naam, lakini unakula wapi?"

Ukweli ni kwamba hula saa kumi jioni, peke yake, ameketi juu ya kreti la soda nyuma ya jiko, kile kilichobaki. Kisipobaki kitu, huchoma kiazi kitamu kwenye makaa ya mwisho. Hakuna siri hapo zaidi ya malezi. Mama yake mzazi, Bibi Immakulata wa kijiji kimoja cha Heru Juu, alimfundisha kwamba mwenye chungu hula wa mwisho, na hali mbele ya anaowalisha.

"Mama alitulea tisa," anasema Epifania. "Sisi tukila, yeye yuko jikoni anakwangua sufuria. Nilijua amekula kwa sababu sufuria ilikuwa safi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba sufuria ilikuwa safi kwa sababu hakukuwa na kitu."

Maneno ya Mwalimu hayakuishia ukumbini. Yalipanda bodaboda, yakapanda Hiace. Zuleha Bakari, mfanyabiashara wa maharage anayekuja Kasulu kila Jumamosi, aliyakuta yamemtangulia huko Kibondo.

"Stendi ya Kibondo wananiambia, dada, usile tena kwa yule mama wa Kasulu, mwenyewe hali chakula chake," anasema Zuleha. "Nikawauliza, nyie mmeambiwa na nani? Wakasema, kwani hutazami tamthilia? Yaani wamechanganya mama wa watu na shefu wa kuigiza!"

Katika wiki ya kwanza sahani sabini zilishuka hadi arobaini. Wiki ya tatu zilikuwa kumi na tisa. Watu walikuja bado, maana runinga ilikuwa palepale, ila waliagiza chai, soda, yai la kuchemsha lenye ganda lake. Mwalimu Longinus alikoma kuja kabisa. Alikuwa anaona aibu, lakini Mama Recho hakujua hilo, na ukimwuliza ni kipi kilichomuuma kuliko vyote atakwambia ni kiti cha Mwalimu kuwa wazi saa saba.

Alimwendea Shamsi akamwambia ashushe runinga yake.

"Nikaisogelea na bisibisi kabisa," anakumbuka Shamsi, mtu wa maneno mengi ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Ujiji. "Halafu nikamwambia, Mama Recho, nikiishusha leo watasema umeiogopa. Lisemwalo lipo, ndivyo watakavyosema. Pika kwanza, tutaona."

Alirudi jikoni amekasirika. Akachambua maharage hadi jioni bila kusema na mtu, hata na bintiye Recho, ambaye humsaidia siku za Jumamosi. Na katika kuchambua ndipo alipomkumbuka baba yake.

Nyumbani kwao, mgeni hakupewa pombe ambayo mwenyeji hajaionja mbele yake. Baba aliinua mtungi, akanywa funda moja watu wote wakimwona, ndipo ukazunguka. Hakuna aliyesema ni kwa nini. Ilikuwa heshima, na kila mtu alijua chini ya heshima hiyo kuna hofu ya sumu.

"Nikajiambia, kumbe wazazi wangu walikuwa na desturi mbili," anasema. "Baba anakunywa wa kwanza, mama anakula wa mwisho. Mimi nimeshika ya mama peke yake. Watu hawa nimewapa cha kula miaka yote hii, sijawahi kuwaonjea."

Jumamosi iliyofuata, saa saba, tamthilia ikiwa imeanza, mlango wa jiko ulifunguka. Mama Recho alitoka na Recho, wamebeba sufuria ya kisamvu huku na huku kwa vitambaa. Wakaiweka juu ya meza ya katikati. Akarudi, akaleta ugali. Akavuta kiti, akakaa.

Ukimwona leo anavyocheka unaweza kudhani lilikuwa jambo dogo. Halikuwa dogo. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kukaa katika ukumbi wake mwenyewe. "Niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo," anakiri. "Nikawa namwona mama yangu amesimama mlangoni, ananiuliza, Epifania, watoto wamekula?"

Akakumbuka hajanawa. Jagi lilikuwa mbali, kwenye kona, na alijua akiinuka hatakaa tena.

Aliyelichukua jagi ni Mwalimu Longinus. Alikuwa amesimama nje dirishani, anachungulia tamthilia kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Aliingia, akalishika jagi kwa mkono wa kulia na beseni kwa mkono wa kushoto, akainama na kumnawisha Mama Recho mbele ya watu wote. Mwalimu mzima, suruali ya mkunjo, maji yakimdondokea viatuni. Hakuomba radhi kwa mdomo. Pale Kasulu hakuna aliyehitaji kuisikia.

Mama Recho akakata tonge, akalibonyeza, akachovya, akala. Akala la pili. Shefu Sudi aligombeza hewa huko juu ukutani na hakuna aliyemtazama. Alipofika tonge la tatu Mwalimu akasema taratibu, "Mama Recho, hutukaribishi?"

Akashtuka. Kwa woga alikuwa amesahau adabu ndogo kuliko zote.

"Karibuni," alisema.

"Starehe!" ukumbi mzima ukajibu, na Brighton akawa wa kwanza kunyoosha sahani.

Hapo ndipo Mama Recho alipoinua macho na, kwa mara ya kwanza, akaitazama runinga. Alimtazama mtu aliyevaa kofia ndefu nyeupe, akamtazama tena.

"Huyu ndiye Sudi?" aliuliza. "Mwembamba hivi? Mimi nilidhani ni bonge la mtu!"

Walicheka mpaka Shamsi akamwaga chai. Zuleha anasema kicheko kile ndicho kilichokwenda Kibondo, na kwamba safari hii alihakikisha kimetangulia kufika.

Leo sahani zimepita themanini. Jumamosi za tamthilia hufika mia, na baada ya kutoa mkaa, samaki na kodi, Mama Recho anasema siku kama hiyo humwachia shilingi elfu arobaini. Zuleha anamshawishi wafungue mgahawa mwingine Kibondo. Mama anasema hana haraka, kwanza amemaliza juzi tu kujifunza kukaa.

Kiti cha meza ya bluu ni chake. Kila siku saa saba hutoka, hunawishwa na yeyote aliye karibu na jagi, hula matonge matatu, hukaribisha, hurudi motoni. Siku za tamthilia hukaa kidogo zaidi, na maoni yake yamezidi kuwa makali tangu aanze kuona. Hapendi visu virefu. Hapendi sahani kubwa yenye chakula kidogo. Lakini kubwa kuliko yote, anasema, ni lile ambalo alikuwa amelisikia tangu mwanzo.

"Nimefuatilia miezi yote hiyo, sijasikia mtu akionja. Sudi anapika, anapamba, anafoka, haonji. Na sasa nimemwona kwa macho, ni kweli haonji. Mtu huyo simchukii tena. Mtu anayeogopa sufuria yake mwenyewe, wewe mhurumie. Mpeni kiti akae, ale, watu wamwone."

Baada ya wiki mbili tamthilia itafika mwisho. Kasulu yote inabishana kama Shefu Sudi atakula au hatakula. Mwalimu Longinus anasema atakula, Brighton anasema thubutu. Safari hii hakimu amekataa kutoa hukumu, kwa sababu siku hiyo ana shughuli nyingine.

Brighton amekwishaagizwa kwenda Heru Juu asubuhi, polepole, aepuke mashimo, amlete Bibi Immakulata. Bibi ana miaka sabini na nane, na hadi leo wajukuu wakila yeye yuko jikoni. Mama Recho anataka kumkalisha kwenye meza ya bluu kabla hajamgawia mtu yeyote.

"Atakataa," anasema. "Namjua. Atauliza kama watu wamekula. Atataka kuinuka aje anisaidie kuosha vyombo."

Anachukua jagi lililo karibu, analitikisa kusikia kama lina maji, analirudisha mahali pake.

"Lakini nitamnawisha mwenyewe. Mtu akishanawishwa, hawezi tena kusema ameshiba."