Faili Lenye Jina la Mama

Taa ndogo ya kamera, ile iliyo juu ya skrini ya kompyuta, ilianza kuwaka yenyewe mchana, saa ambazo duka langu pale Mbumbuni huwa limejaa watu. Iliwaka, ikatuangalia kidogo, ikazimika, kama mtu aliyechungulia dirishani akakuta anayemtafuta hayupo. Mteja mmoja aliyekuwa ameleta picha ya marehemu baba yake aliniuliza kama nilikuwa nampiga picha. Nikamwambia hapana. Akahamisha kiti chake hadi karibu na mlango.

Kazi yangu ni kuchapisha programu za mazishi. Ukifiwa upande huu, hata kabla jeneza halijanunuliwa, mtu wa familia atakuja kwangu na picha moja, mara nyingi ile ya kitambulisho, nami nitaiskani, niondoe mikwaruzo, na kama marehemu hana koti nimvishe. Familia ikishachukua karatasi zake mimi sifuti kitu. Nitafutaje uso wa mtu? Kwa hivyo kompyuta yangu ilikuwa imejaa wafu wa Mbumbuni na vijiji vyake, wamepangwa kwa majina, nami niliketi nao kutwa nikinywa chai bila wasiwasi wowote. Mpaka ile taa.

Katikati yao alikuwemo mama. Yeye hakuwa picha, alikuwa sauti. Siku zake za mwisho alinikalisha kando ya kitanda akasema nimrekodi, ana ujumbe wa dadangu mdogo. Dadangu alikuwa Ghuba akifanya kazi za nyumbani, na mwajiri wake alikataa kumpa ruhusa hata mama alipozidiwa. Nilirekodi kwa simu. Nilipotaka kumtumia hapo hapo, mama akanishika mkono.

"Usimtumie. Akisikia akiwa kule atalia peke yake. Asikie akiwa hapa nyumbani."

Mama hakuwa mtu wa kubishana naye, na ugonjwa ulimfanya awe mkaidi zaidi. Nikaihamisha sauti kwenye kompyuta, nikaweka nakala kwenye flashi, na faili nikaliita Mama. Simu yenyewe baadaye ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Tulimzika mama bila dadangu, na tangu siku hiyo kila akipiga simu alikuwa na swali moja: "Bado iko?" Nami nilimjibu iko, wewe rudi tu.

Baada ya taa yakaja mengine. Picha ya mzee mmoja wa kanisa letu ilikataa kufunguka, kisha ya mkewe, kisha ya watu ambao hata hawakuwa wa ukoo mmoja. Nikibonyeza jina, skrini inapepesa, halafu kimya. Akina mama wa kanisa wakasikia habari hizo, na wakisikia hawakai. Walikuja na nyimbo, wakaiwekea kompyuta mikono, na mmoja akamwaga mafuta ya upako juu ya kibodi. Herufi mbili zinagandana mpaka leo. Wakati mwingine ningewacheka hadi wiki iishe, maana mimi sina adabu ya kuficha kicheko. Siku ile sikucheka. Niliogopa, na sioni haya kusema. Niliogopa kwamba nimekaa na wafu muda mrefu mno hadi wamenichoka.

Lakini mimi pia ni mbishi. Nilifungua ile orodha inayoonyesha programu zote zinazofanya kazi ndani ya mashine, nikaipitia polepole. Mengi siyajui, ila jina moja nililiona mara mbili: lsass. Nilijua ni jina la mfumo wenyewe, maana fundi aliyeniuzia mashine alinikanya nisiliguse kamwe. Basi nikaona wawili wenye jina hilo, nikawaacha.

Mtu wa mahali pengine labda angeshtuka. Mimi nimezaliwa Ukambani, ambako nyumba yenye watu wawili wa jina moja ndiyo nyumba ya kawaida. Mimi mwenyewe nimepewa jina la nyanya, mzaa baba, na baba yangu aliniita "mwaitu", yaani mama yangu, hata nilipokuwa bado natambaa. Alinipisha kiti. Hakuwahi kuninyooshea kiboko, maana nani anampiga mama yake? Kwetu jina likipewa mwingine, heshima inakwenda nalo. Nilipomwona lsass wa pili nilidhani ni mjukuu. Nikafunga orodha, nikaendelea na kazi.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa Kambu, kijana mpole anayetengeneza kompyuta za maduka ya barabara kuu. Nilimwita wakati dadangu alikuwa tayari ameanza safari ya kurudi, kwa kuwa sikutaka afike akute mashine ina mashetani. Fundi aliketi, akafungua orodha ileile, akalitazama lile jina kwa muda.

"Madam, hii lsass huwa ni moja. Ndiyo hu-check password yako ukiingia, ni kama watchman wa gate. Na nyumba yake ni System32, haikai pengine. Sasa cheki hii ya pili inakaa wapi."

Akanionyesha. Lilikuwa limejificha kwenye folda ya vitu vya muda, mahali kompyuta hutupa takataka zake.

"Hii ni virus, na ndiyo inawasha hiyo camera. Imebeba jina ya system ndio wewe uiogope. Na umeiogopa kweli."

"Nimeiheshimu," nikamwambia.

"Ni hiyo hiyo."

Nikamuuliza kuhusu zile picha. Akafungua folda ya marehemu, akageuza orodha ili ionyeshe ukubwa wa kila faili, na hapo nikaona jambo ambalo bado linanijia nikiwa nimekaa peke yangu. Wote walikuwa na uzito mmoja. Mzee wa kanisa, mkewe, watoto, mwalimu wangu wa darasa la kwanza, kila mmoja na jina lake na picha yake ndogo pembeni, na wote walikuwa sawasawa. Lile jizi halikuwaficha wafu wangu. Lilijinakili, likaandika juu yao mmoja mmoja, kisha likavaa majina yao.

"Kuna moja inaitwa Mama," nikasema.

Alikuwa ameshaiona. "Usii-click. Hiyo si sauti, madam. Ni ile virus tu."

Nikampa flashi. Nayo nilikuwa nimeichomeka mara nyingi kwenye mashine ileile, ili kuhakikisha kwamba nakala iko salama. Ndani yake pia kulikuwa na Mama, mwenye uzito uleule. Fundi alijaribu kila dawa aliyokuwa nayo mpaka jua likageuka. Mwisho akaniuliza kama afute. Nilitazama lile neno kwenye skrini, likingoja kufunguliwa na mtu yeyote anayemtaka mama yake, nikaingiwa na chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu kisicho na damu. Nikamwambia futa.

Dadangu alifika siku iliyofuata mchana. Sikumkuta barabarani wala sebuleni. Nilimkuta shambani, amepiga magoti juu ya kaburi la mama, mabegi yameachwa kwenye mahindi yaliyokauka. Alilia hadi sauti ikakauka. Nilimwinua, nikamwingiza katika nyumba ya mama, akaketi na kiatu kimoja tu mguuni. Hakutaka maji wala chai.

"Niwekee sasa," akasema. "Niko nyumbani."

Nikamweleza yote. Sikupunguza neno. Alinitazama kama asiyeelewa lugha ninayozungumza.

"Lakini wewe uliisikia."

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwambia. Mwaka wote ule wa msiba niliifungua asubuhi kabla ya wateja. Nilijua mama alivuta pumzi wapi.

"Basi sema wewe," dadangu akasema, akafumba macho. "Sema vile alisema."

Nikasema kwa Kikamba, kwa mwendo wake wa polepole. Mwanangu, ni mimi. Yule mbuzi mwekundu amezaa pacha. Ndengu hatukupata, mvua ilikatika zikiwa kwenye maua. Mkeka wako nimeutunza. Nimeambiwa umekonda. Hapo alikohoa, nami nikakohoa, na kikohozi kilichotoka kifuani mwangu hakikuwa changu.

"Ii, mwaitu," dadangu akajibu, macho yamefumbwa. Alimjibu mama. Nywele zilinisimama, nikatamani kutoka mbio.

Ilibaki sehemu ya mwisho. Nilitazama magoti yake yaliyojaa udongo mwekundu. Hakuna mwingine duniani aliyeyasikia maneno yale, na kama ningeyaruka hakuna ambaye angejua. Akafumbua macho.

"Na halafu?"

Nikayasema. Ukija utanikosa. Lakini usianze na kaburi, mimi sihami. Ingia jikoni kwanza, ule. Ukishashiba ndipo uje unisalimie.

Dadangu aliyatazama magoti yake. Kisha akainuka, akaingia jikoni. Nilimsikia akifunua sufuria ya muthokoi niliopika asubuhi, umeshapoa. Alikula amesimama, kwa mkono, akilia na kutafuna, mpaka akakwangua chini. Kisha akanawa, akayafuta magoti yote mawili kwa kitambaa chenye maji, akavaa kiatu cha pili, akatoka kwenda kumsalimia mama.