Nilipaka Sanamu Ikafanana na Susu, Sasa Wanasema Nilimloga

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala la kijiji chetu. Watu wa huku Kilungu wako wengi kwenye page hii, na wengine tunasali nao.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na niko nyumbani na Mama. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mimi si mtu wa maneno mengi. Hata darasani nilikuwa najua jibu na bado naogopa kuinua mkono. Kuandika naweza, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kuna mwalimu aliyekuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Yeye na marafiki zake huko Nairobi hucheza mchezo wa mezani. Wanarusha dadu, na kila mtu ana sanamu yake ya plastiki, ndogo kama kidole gumba. Kuna mashujaa wenye mapanga, dubu, fisi, majoka yenye mabawa. Zinakuja zikiwa za kijivu na lazima mtu azipake rangi. Aliona michoro yangu akanipa moja nijaribu, na tangu nimalize shule amekuwa akinitumia kaboksi kwa matatu hadi mji wa Salama. Nabandika sanamu juu ya kifuniko cha soda ili nisiiguse, napaka nyeusi kwanza, halafu rangi nyingine polepole. Macho ni ya mwisho, kwa ncha ya sindano. Nikifanya hiyo kazi mikono yangu haitetemeki kabisa.

Kwenye boksi la mwisho kulikuwa na bibi mzee ameshika fimbo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika njiani, nikaurudisha kwa gundi. Sikujua nimpe sura gani. Susu, mama yake Baba, alikuwa ameketi nje anachagua ndengu, basi nikamwangalia yeye. Nikampa bibi huyo ngozi ya Susu, kitambaa chake cha kichwa, hata lile doa jeupe kwenye jicho lake moja. Nilipomwonyesha, Susu alicheka mpaka ndengu zikamwagika.

"Mbona umenipunguza hivi? Nikiita mbuzi watanisikia kweli? Na kitambaa changu cha kanisani ni cha kijani, si bluu. Rekebisha."

Nikarekebisha. Tulikuwa wawili tu. Hakuna mwingine aliyemsikia akicheka.

Wiki tatu baadaye Susu alianguka akienda kuteka maji. Hospitali walisema ni presha imepanda, akapata kiharusi. Upande wa kushoto haufanyi kazi na hawezi kusema. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuja kumtunza nyumbani kwa Susu, karibu na kwetu. Siku moja akitafuta blanketi chumbani kwangu alipata boksi. Alitoka amelishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka.

Akawaita Mama na mchungaji wetu. Akaweka yule bibi mdogo mezani.

"Huyu ni nani?"

Nikasema ni wa mchezo.

"Kwenye huo mchezo anaitwaje?"

Sijazoea kudanganya. Nikasema, "Ni mchawi. Lakini ni mzuri, Shangazi. Kazi yake ni kuponya walioumia."

"Mchungaji umesikia? Kumbe kuna wazuri!" Akageuza sanamu, akaona alama ya gundi. "Na huu mkono? Nani aliuvunja?"

Nilitaka kueleza kwamba ulivunjika kwenye gari, kwamba Susu mwenyewe ndiye alichagua kijani. Nikalia tu, na nadhani kulia kwangu ndiko kulikonimaliza. Mchungaji hakunigombeza. Alisema kwa upole kwamba Mungu husamehe yote, lakini lazima mtu aseme alichofanya. Jumapili hii natakiwa nisimame mbele ya kanisa, nikiri kwamba nilimfunga Susu kwa ile sanamu, halafu boksi lichomwe.

Nilimwandikia mwalimu. Alijibu, "Pole sana. Wachome zote, ni plastiki tu. Wewe usiumie." Kwa hivyo si moto unaonisumbua. Ni yale maneno. Nikiyasema, nitakuwa mtu aliyemloga nyanya yake mpaka nizeeke, na hapa kwetu jambo kama hilo halifutiki. Nisipoyasema, Shangazi ameapa sitakanyaga kwa Susu tena. Na ni mimi nilikuwa namlisha uji kabla ya haya yote, kwa sababu nilijua kumngoja ameze.

Mama ananiambia, "Sema tu, mwanangu. Mimi hapa nimeolewa, na baba yako hayuko. Nitakutetea na nini?" Simlaumu. Lakini ananiangalia mikono nikila.

Wakati mwingine najiuliza mwenyewe, kwa nini mkono ule ule? Halafu naona aibu kwa kuwaza hivyo.

Juzi nilienda mpaka kwenye ua wa Susu. Mlango ulikuwa wazi na alikuwa ameegemeshwa kwenye mito. Akaniona. Akainua mkono wake mzima, ukapunga mara mbili, ukaanguka.

Shangazi akawaambia kwa sauti majirani waliokuja kumjulia hali, "Mmeona? Anamfukuza!"

Nikarudi nyumbani mbio. Nimekuwa nikimwangalia Susu maisha yangu yote, najua kila mkunjo wa uso wake, lakini kwa umbali ule sikuweza kujua kama alikuwa ananifukuza au ananiita.

Jumapili iko karibu na sina mtu mwingine wa kuuliza. Tafadhali msinitukane. Nisimame niseme nilimloga ili nimwone tena, au ninyamaze nimpoteze? Nishaurini, nifanye nini?