Boti ya Wagonjwa ya Siyu

Kwa miaka mingi Idris aliendesha boti ya hoteli ya Bwana Mahdi, akiwapokea wageni kwenye uwanja wa ndege wa Manda na kuwavusha hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Katika miaka yote hiyo hakupata kuambiwa aseme uongo mkubwa kuliko ule wa kumhakikishia mgeni kwamba bahari ni shwari. Kwa hiyo asubuhi moja alipofika gatini na kuikuta boti yake imebandikwa karatasi nyekundu za kunata ubavuni, zenye maandishi BOTI YA WAGONJWA – SIYU, alidhani kuna mtu anafanya mzaha.

Bwana Mahdi alikuwa amesimama pale pale, kanzu imepigwa pasi, mkononi ana jaketi jipya la kuokolea.

"Vaa hili," alisema. "Yeo wewe ni nahodha wa zahanati ya Siyu. Wakaguzi wa hesabu za serikali wamekuya kutoka Nairobi, wataka kuiona boti kwa mato yao."

"Boti ipi, Bwana?"

"Hii."

Idris alielewa polepole. Kampuni ya Mahdi ilikuwa imepata zabuni ya kuinunulia zahanati ya Siyu, mji wa kisiwa cha jirani, boti ya kubebea wagonjwa. Malipo yalikwisha kutolewa. Boti yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

"Wataitazama, watapiga picha, utawarudisha, tutabandua," Mahdi alisema. "Ataumia nani?"

Nyumba ya mtaa wa Langoni aliyokuwa akiishi Idris na mkewe Umulkheir ilikuwa mali ya ukoo wa Mahdi. Idris alilivaa lile jaketi.

Kati ya wakaguzi hao alikuja mmoja tu, mwanamke wa makamo aitwaye Kwamboka, mwenye miwani na viatu vya raba. Mahdi alimpa chupa ya maji baridi. Akaikataa kwa upole, akatoa yake mkobani. "Ofisi yetu haiko chini ya gavana wala waziri," alieleza. "Hatupokei kitu kwa tunayemkagua, hata maji." Mahdi alicheka. Idris hakucheka. Walipopanda wote watatu, aliitia mashine moto, akashika mlango-bahari wa Mkanda, kati ya Manda na bara, wakati maji bado yamejaa.

Siyu walimkuta Bi Shifaa, muuguzi wa zahanati, amesimama kwenye ngazi za gati. Aliitazama boti, akamtazama Idris, kisha akainamisha macho. Idris alijua kwamba naye ameambiwa la kusema.

"Boti hii inawasaidia, sista?" Kwamboka aliuliza.

"Mno," Mahdi alijibu.

"Nimemuuliza yeye."

Kabla Shifaa hajafungua kinywa, kelele zilisikika kutoka njia ya mjini. Wanaume wanne walikuja mbio wamebeba kitanda cha kamba, juu yake mwanamke amefunikwa leso. Alikuwa Lubna, mke wa mkulima mmoja wa hapo, mwenye uchungu wa uzazi tangu usiku wa jana. Nyuma yake alihema mkwewe, Bi Esha, buibui limemshuka mabegani.

Shifaa alipiga magoti, akampapasa tumbo. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwana amelala mshazari. Hapa siwezi kitu. Apelekwe Amu akapasuliwe, na upesi." Kisha akamkazia macho Mahdi. "Alhamdulillahi, boti ya wagonjwa ipo."

Mahdi alimvuta Idris kando kwa kiwiko.

"Sema mashine imekufa," alinong'ona. "Ukimfikisha hospitali watauliza boti hii yatoka wapi. Pale hakuna ajuaye kama Siyu ina boti. Nami nitaita boti nyingine."

"Itafika lini hiyo nyingine?"

"Idris. Nyumba ukaayo ni ya nani?"

Idris aliingia botini, akaushika ufunguo, huku gati zima likimtazama mkono. Ilikuwa rahisi mno. Aliuzungusha nusu, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Bi Esha aliita, "Ya Rabbi!" Lubna hakulia. Alikuwa ameikamata kamba ya kitanda kwa vidole vilivyopauka, anatazama juu tu, kama mtu aliyekwisha kuacha kutegemea watu.

Idris akauzungusha ufunguo mpaka mwisho. Mashine ikanguruma.

"Mpakieni," alisema.

Mahdi alibaki gatini, simu sikioni. Botini waliingia Lubna, Shifaa akiishikilia chupa ya dripu juu, Bi Esha, na Kwamboka, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu. Walipotoka kwenye mikoko Idris aliongeza mwendo, lakini macho yake yalikuwa kwenye mizizi iliyoanza kuonekana pembeni. Maji yalikuwa yanakupwa. Mkanda maji yakishakupwa hupitwa na ndege tu.

Kwamboka alimsogelea. "Mbona unatazama pembeni?"

"Maji yanatuwahi. Tukichelewa tutakaa mchangani."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya nje, kuizunguka Manda kwa bahari kuu. Petroli haitoshi."

"Boti ya wagonjwa haina petroli ya kufika hospitali?"

Idris alisikia masikio yakimwaka. Angeweza kutunga jambo. Lakini nyuma yake Lubna aliguna, mguno mfupi wa mtu anayeuma meno, na maneno ya kutunga yakampotea.

"Bi, hii si boti ya wagonjwa," alisema bila kugeuka. "Ni ya hoteli. Zile karatasi zimebandikwa asubuhi. Nimepewa petroli ya kukuleta na kukurudisha, basi."

Alitarajia ukali. Kwamboka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hayo tutazungumza tukifika. Sasa fanya uwezalo."

Katikati ya Mkanda boti ilikwama. Ilisugua, ikatetemeka, ikatulia. Idris aliinua mashine, akaruka. Maji yalimfika magotini. Alisukuma kwa bega mpaka akaona giza. Boti haikusogea.

"Nzito," alisema. "Yatupasa kuipunguzia mzigo."

Kwamboka alishuka na viatu vyake. Bi Esha, mtu mzima wa miaka sabini, alikunja buibui, akashuka naye pia huku akisoma dua. Wote watatu walisukuma, miguu ikizama topeni, chaza zikiwakata. "Bismillahi!" Idris alipiga ukelele, na tena, na tena. Shifaa, peke yake botini na mgonjwa, alisema kwa sauti iliyobana, "Nahodha, mapigo ya mwana yapungua."

Mara ile boti ikateleza. Ilielea ghafla hata Bi Esha akaanguka majini. Wakamvuta juu akitiririka, wakaenda.

Hospitali Lubna aliingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Idris aliketi barazani, damu ikimtoka miguuni. Kwamboka alikaa karibu naye, sketi inachuruzika.

"Unaweza kunyamaza," alimwambia. "Nilichokiona kinatosha kuandika kwamba boti haipo. Ila ukitoa taarifa yako, itajulikana nani alikuamuru. Siwezi kukuahidi kazi wala nyumba."

"Nikisema, mtamfunga?"

"Sisi hatumfungi mtu. Tunaandika. Ripoti inakwenda bungeni, na wapelelezi wakitaka wanaanzia hapo."

Idris aliona ni kidogo mno kwa mtu kupotezea nyumba. Alikaa akiutazama mlango. Ulipofunguka hatimaye, Shifaa alitoka, akaegemea ukuta kwanza kabla ya kusema. Mama yu hai. Mtoto ni wa kike. Alichelewa kulia, hata wakamkatia tamaa, kisha akalia. Bi Esha alisujudu pale pale sakafuni na nguo zake mbichi.

"Andika," Idris alimwambia Kwamboka. Akasema yote, tangu jaketi mpaka neno la nyumba, akatia sahihi.

Kabla ya wiki kwisha walitakiwa kuhama. Umulkheir alizifunga sufuria kwa kanga. Mwishowe alisema, "Ungenambia kwanza."

"Ungenizuia."

"Naam. Ningekuzuia." Akaendelea kufunga.

Walihamia chumba kimoja kwa dada wa Umulkheir. Idris akapata kazi katika mashua ya kubeba mchanga, kazi ya kuvunja mgongo. Ripoti ilipotoka ilisema waziwazi kwamba boti iliyolipiwa haikupatikana, na iliyoonyeshwa ilikuwa ya mtu binafsi. Mahdi aliitwa na wapelelezi, kisha mahakamani, na kesi ikawa inaahirishwa. Mwaka uliofuata, kabla ya Ramadhani, Siyu ililetewa boti, ndogo kuliko ilivyotarajiwa, lakini ina kitanda na hewa ya oksijeni. Idris aliomba kazi ya kuiendesha. Akachukuliwa mwingine.

Ijumaa moja alikutana na Mahdi kwenye kichochoro cha Langoni, pale ambapo lazima mmoja ajibane ukutani. Walisimama uso kwa uso. Idris aliikumbuka siku ile mkononi ana ufunguo.

"Asalamu aleikum," Mahdi alisema, akitazama juu ya bega la Idris.

"Waaleikumu salamu," Idris alijibu, akangoja. Mahdi aliikusanya kanzu yake, akageuka ubavu, na Idris akapita.