Walii Aliyelala Garini

Luqman Shutu alijua kulala garini kuliko watu wengi wanavyojua kulala kitandani. Probox yake nyeupe, iliyokwisha kugeuka rangi kwa vumbi la Turkana, aliilaza kiti cha nyuma, akatandika godoro jembamba la sponji, na madirishani akatundika leso mbili kuukuu. Alijua kioo kiachwe wazi upana wa kidole kimoja, hewa ipate kuingia na mkono wa mtu usipate. Alijua gari liegeshwe likitazama barabara, na viatu vikae karibu na miguu. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa mchuuzi wa vipuri vya pikipiki, leo Kakuma, kesho Lokichar, na mchuuzi wa namna hiyo hulala pale giza linapomkuta.

Asichokijua ni kurudi kwao.

Kwao ni Munje, huko Msambweni. Alitoka mwaka ule wageni walipoikimbia Diani na hoteli zikafungwa moja baada ya moja, na yeye, dereva wa kuwatembeza watalii, akabaki kuosha gari lisilokwenda popote. Alimwambia mkewe Hanifa kwamba anakwenda Lodwar kwa miezi mitatu. Binti yao, Twaiba, alikuwa na miaka kumi, na siku hiyo alimfuata baba yake hadi barabara ya lami akiwa amembebea chupa ya chai.

Miezi mitatu ya Luqman! Mtu huyu kwa kuahirisha mambo hakuwa na mpinzani. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye ikawa kila Ijumaa, kisha ikawa Idi kwa Idi. Kuna Idi moja aliisahau, akaona haya kupiga siku ya pili yake, na Idi iliyofuata haya zikawa zimeongezeka maradufu, kwa hivyo hakupiga tena. Hanifa alipodai talaka, alimpa bila ubishi, kwa karatasi iliyosafiri na basi. Baada ya hapo akanyamaza kabisa. Alikuwa akijiambia kwamba Twaiba ni damu yake, anajua kuwa baba yake anampenda, ataelewa tu. Uongo wa aina hii mtu haletewi na jirani, hujipikia mwenyewe akaula peke yake.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Kisha Abdurahman, kaka mkubwa wa Hanifa aliyemlea Twaiba, akampigia simu. Alizungumza kwa adabu, maneno machache. Twaiba ameposwa na kijana anayetengeneza majokofu katika hoteli za Diani. Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kisheria walii, mwenye haki ya kumwozesha mwali, ni baba, na baba yu hai, basi ampe mwalimu wa msikiti uwakala kwa simu, amwozeshe kwa niaba yake. Dakika mbili zinatosha, wala hana haja ya kujisumbua na safari.

Luqman akasema atakuja mwenyewe. Alishangaa hata yeye kujisikia akisema.

Angeweza kupanda basi, lakini hakutaka kushuka Munje na mkoba mkononi kama mtu anayetafuta pa kulazwa. Jumanne alfajiri akawasha Probox akaondoka Lodwar. Usiku wa kwanza alilala Salgaa, katika kituo cha mafuta, gari lake limebanwa baina ya matrela mawili. Pale ndipo alipoanza kuyapanga maneno. Aliyasema kwa sauti akikitazama kioo cha dereva, toka mwanzo mpaka mwisho: hoteli zilivyofungwa, kazi ilivyokuwa ngumu, simu ilivyoibwa, namba zilivyopotea. Alipoyasikia yote akaona aibu, kwani simu iliibwa mara moja tu, nayo namba ya Hanifa aliijua kwa moyo.

Usiku wa pili ulimkuta Mtito Andei. Alikunywa chai kwa chapati, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na madereva asiowajua. Mmoja mmoja walikuwa wakitoa simu kuwaambia watu wa nyumbani kwamba wamefika Mtito, wamekula, wanalala kidogo. Luqman naye alitoa simu yake. Aliyapitia majina yote toka juu hadi chini, akarudi juu tena. Palikuwa na wenye maduka, mafundi, na wateja wanaodai vipuri, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba amefika Mtito. Akairudisha mfukoni, akaenda kulala.

Asubuhi yake, kadiri barabara ilivyoteremka kuelekea pwani, ndivyo hotuba yake ilivyopungua. Voi aliondoa habari ya hoteli. Maungu aliondoa simu iliyoibwa. Alipofika Mariakani yalikuwa yamebaki maneno mawili, nisamehe mwanangu, na alichokitaka kwa Twaiba kilikuwa kidogo zaidi ya hapo. Alitaka amwite baba. Hata kwa hasira, hata kwa kumfokea, maadamu neno lenyewe limtoke mdomoni na yeye alisikie.

Aliondoka kwao kwa feri ya Likoni, lakini safari hii barabara mpya ya Dongo Kundu ilimvusha juu ya maji bila kumsimamisha, ikamtema Kibundani, naye akajiona kama mtu aliyeingia nyumba yake kwa mlango wa jirani. Pale Kona ya Musa, alipokuwa akiegesha gari la watalii kila siku, ilimbidi aulize njia. Alasiri ya Alhamisi akaingia Munje.

Nyumba ya Abdurahman ilikwisha funikwa turubai uani. Wanawake walikuwa wakimenya vitunguu, na walipomwona wakapunguza sauti. Luqman akamwendea mwenye nyumba, akainama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefika salama, alhamdulillahi," Abdurahman alisema. "Sisi tulijua utapiga simu."

Hawakumfanyia ubaya wowote. Walimpa kiti, wakampa maji, kahawa na kaimati. Wakamuuliza habari za huko, akasema njema, na maongezi yakaishia hapo. Kuhusu Twaiba aliambiwa kwamba mwali yuko ndani na hatoki hadi kesho, jambo alilokuwa akilijua. Magharibi ilipokaribia Abdurahman akamuuliza atalala wapi, kwa kuwa nyumba imejaa wageni, lakini mkeka mmoja hauwezi kukosekana madrasa. Luqman akajibu kwamba mahali anapo. Wote waliokuwa pale walijua kuwa hana, na hapana aliyembishia.

Aliliendesha gari hadi kwenye kiwanja cha marehemu baba yake. Nyumba ilikwisha anguka, udongo wake ukayeyuka kwa mvua, na binamu yake alikuwa amepanda mihogo mpaka pale palipokuwa ukumbi. Akaegesha kando ya mihogo. Akatawadha kwa maji ya chupa, akatandika mkeka, akasimama kusali isha, na hapo ndipo alipokwama. Njia nzima alikuwa akisali sala ya msafiri, rakaa mbili badala ya nne. Sasa yuko mahali alipozaliwa. Je, ni msafiri au amefika? Alisimama na mikono imening'inia, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, asijue amwambie nini Mola wake. Mwisho alisali nne. Alipotoa salamu alijihisi kama aliyedanganya.

Usingizi haukuja. Salgaa, katikati ya matrela na honi, alilala kama mtoto, na Munje, penye kimya na harufu ya udongo anaoujua, aligeuka huku na huku mpaka godoro likakunjamana.

Alfajiri kioo kiligongwa. Alikuwa Bi Mishi, jirani wa zamani, ameshika fimbo na nyuma yake wamesimama wakwe zake wawili. Alitaka kujua ni nani huyu aliyekuja kuiba mihogo kwa gari.

"Ni mimi Luqman, Bi Mishi. Mwana wa Shutu. Shikamoo."

Bi Mishi akashusha fimbo. "Marahaba, mwanangu. Mbona umelala nje kama mgeni?"

Luqman akasema majumbani kuna joto. Bi Mishi akaitikia kwamba kweli siku hizi kuna joto, akawageuza wakwe zake wakaenda zao. Hakumkaribisha ndani, labda kwa sababu hata yeye hakujua amkaribishe kama nani.

Baada ya sala ya Ijumaa bwana harusi na watu wake walibaki msikitini. Luqman, mwalimu wa msikiti na mashahidi wawili wakaenda nyumbani kuchukua idhini ya mwali. Abdurahman aliwatangulia, akabisha hodi, wanawake wakasogea. Hanifa alikuwa amesimama mlangoni. Alimjibu Luqman salamu yake bila kumtazama, akampisha.

Twaiba alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa leso kuanzia kichwani. Kilichoonekana ni mikono yake tu, hina imepanda mpaka kwenye viwiko. Luqman alikuwa ameacha mikono ya mtoto, na sasa anatazama mikono ya mwanamke, mirefu kama ya mama yake Luqman mwenyewe. Alikaa chini mbele yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja kuwa karibu naye kiasi cha kuisikia pumzi yake.

Maneno mawili aliyoyabeba toka Mariakani hakuweza kuyasema. Mashahidi walikuwa wamesimama, mwalimu anatazama saa, na jambo lenyewe lina maneno yake. Akayasema hayo.

"Mwanangu Twaiba, Abdulaziz bin Tembo amekuja kukuoa kwa mahari mliyosikilizana. Je, unaniruhusu nikuoze?"

Akangoja. Twaiba hakujibu. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilishika pindo la leso na kulikunja.

"Alhamdulillahi," mwalimu akasema. "Kunyamaza kwa mwali ndiyo idhini yake. Twendeni, watu wanangoja."

Mashahidi wakaanza kutoka. Luqman hakuinuka. Sheria aliijua tangu chuo cha Kurani, kila mtoto wa Munje anaijua: mwali huona haya, kwa hiyo halazimishwi kusema, akinyamaza amekubali. Lakini katika safari yote ile haikumpitikia hata mara moja kwamba sheria hiyo ingemnyima neno alilolifuata. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, na hakumtaja bwana harusi.

"Twaiba. Hutaniambia kitu?"

Mwanamke mmoja akakohoa.

"Luqman," Hanifa akasema pale mlangoni, "mtoto amekubali. Usimtake zaidi ya hapo."

Akaelewa kwamba anao uwezo. Yeye ndiye walii. Angesema hatoki mpaka asikie kwa masikio yake, na msikiti mzima ungengoja, na bwana harusi angengoja, na hatimaye Twaiba angelazimika kuufungua mdomo. Angelipata neno lake. Aliutazama ule mkono wenye hina ukikunja na kukunjua pindo la leso bila kukoma.

"Nimesikia, mwanangu," alisema, akainuka.

Msikitini aliketi goti kwa goti na kijana, wakashikana mikono. Akasema, "Nimekuoza binti yangu Twaiba kwa mahari yaliyotajwa," na kwenye yale maneno binti yangu sauti ilimkatika, ikambidi ayarudie. Abdulaziz akakubali kwa sauti safi. Watu wakaomba dua, wakapongezana, halua ikapita. Wengi walimpa Luqman mkono. Kila mmoja alimwambia hongera, na kila mmoja akaendelea kwa Abdurahman na kumkumbatia.

Alikula pilau pamoja na wanaume uani, akaaga. Abdurahman alimsindikiza hadi garini, akamshukuru kwa kuja, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Hakumuuliza atarudi lini. Luqman aliendesha hadi Kombani, akajikuta hawezi tena. Jua lilikuwa bado liko juu. Akaegesha kando ya kituo cha mafuta, akateremsha leso za madirishani, akajilaza kule nyuma na nguo zake za harusi.

Alijaribu kuusoma ukimya wa binti yake. Pengine ulikuwa haya tu, kama wa kila mwali. Pengine alitaka kusema akashindwa mbele za watu. Pengine anajua kwamba baba yake anampenda, na ndani ya moyo wake amekwisha kumsamehe, ila hakuona haja ya kutamka. Aliugeuza upande huu na upande ule, akiutafutia maana njema, na kila maana aliyoipata haikukaa. Ndipo alipojua Twaiba alikuwa akilala vipi miaka yote ile, akiugeuza ukimya wa baba yake.