Ziwa Lililosukumwa kwa Hajati

Niliondoka nyumbani kwangu Bukoto na hasira, niseme ukweli. Hajati Zamu, mama wa Kinubi anayenisukia mikeka, alikuwa amenipigia simu jana yake: banda lake kando ya ziwa limepakwa X nyekundu ya kuvunjwa, na kesho afisa wa mazingira anakuja kupima mara ya mwisho. "Mwanangu, ile picha uliyotupiga hapa ufukweni mwaka juzi unayo bado?" Ninayo. Ninyi wa kwetu Malindi mnajua mimi sifuti picha.

Saa mbili asubuhi nilipanda boda. Njiani, pale Kibuli, nilisimama dukani nikaichapisha picha kubwa, maana afisa hatazami simu ya mtu.

Saa nne nilifika ufukweni. Jirani ya Hajati kuna hoteli mpya. Malori yamemwaga kifusi pale mpaka mafunjo yote yamezikwa na ziwa limerudi nyuma. Mawimbi yaliyokuwa yakivunjikia kwenye mafunjo sasa yanakula ardhi ya Hajati. Zamani ulitembea kitambo kutoka bandani hadi majini. Siku hizi unafungua mlango, unalowa.

Afisa alikuja na tepu ndefu. Alikuwa mpole, na upole wenyewe ndio ulionichoma. Sheria yake sina ugomvi nayo: usijenge karibu na ziwa. Lakini alipima kutoka majini hadi hotelini, akaandika kuwa iko mbali, haina kosa. Akapima kutoka majini hadi bandani. Mita tano. Kosa.

Nikampa picha. Ndani yake kuna gogo la kufungia mitumbwi, limesimama katikati ya maji.

"Gogo hili leo liko wapi, bwana afisa?"

Kupitia geti la hoteli sote tulikuwa tunaliona. Liko bustanini, limepakwa rangi nyeupe, limefungwa bembea ya watoto.

"Madam, hiyo picha ni ya zamani," akasema. "Sisi tunapima toka pale maji iko leo."

Hajati akakunja leso yake taratibu. "Basi bwana, niruhusu na mimi nimwage lori moja tu la udongo hapa, maji yarudi nyuma."

"Hapana, mama. Hiyo ni kuharibu mazingira."

Aliyasema hayo bila hata kutabasamu, jamani. Nilishikwa na ghadhabu, nikaweka mikono nyuma nisije nikaaibisha watu.

Saa tisa alasiri nilianza safari ya kurudi, mikeka saba imefungwa nyuma ya boda, kwa sababu Jumatatu banda linavunjwa. Nilipotoka nyumbani nilidhani ofisi ile inalinda ziwa. Nimerudi nikijua inalinda ukingo wa maji tu, popote mwenye malori atakapouweka. Nanyi huko pwani, mtu akija na tepu, mwulizeni kwanza anaanzia wapi.

Tulipoagana, Hajati ndiye aliyekaza kamba ya mikeka. "Ukifika, iweke juu ya kabati."

"Bukoto ni mbali na ziwa, Hajati. Maji hayafiki."

"Hata hapa," akasema, "yalikuwa hayafiki."